Zamu za pampu Sabaki zipangwe mapema

Mhariri,

Naomba nafasi nisemee maji ya mto Sabaki, maana kila kiangazi huku Malindi na Magarini tunazozana wenyewe kwa wenyewe, mfugaji na mkulima, mwenye pampu na mama mwenye mtungi, alafu mvua ikinyesha tunanyamaza mpaka kaskazi nyengine.

Huu mto ndo ule ule Athi wa kule juu, ukikutana na Tsavo unaitwa Galana, ukifika kwetu ni Sabaki, kwa hivo mpaka uje uingie baharini hapa karibu na Mambrui ushachotwa njia nzima na uchafu wa Nairobi ushatiwa ndani. Visima vya Baricho vilivyo kando yake ndo tegemeo la Malindi, Kilifi mpaka Mombasa. Juu huko kuna Galana Kulalu, ule mradi wa serikali wa kilimo cha umwagiliaji, na shamba la majaribio peke yake ni ekari 10,000. Kilimo sikipingi hata kidogo, chakula twakitaka, lakini mto ni mmoja jamani.

Ugomvi wenyewe uko hivi. Maji yakipungua mto unabaki vijito vyembamba katikati ya mchanga, sasa mwenye pampu anapanga magunia ya mchanga anaziba, mkondo wote unageuka unaelekea kwake, matikiti yake yananawiri na wa chini anabaki kufukua mchanga kwa kata. Ng'ombe nao njia ya kushuka mtoni ishalimwa, wakikanyaga mahindi panga zinatoka. Wamama wanaenda kuchota kwenye madimbwi yaliyobaki, na mamba nao wamejazana humo humo, inauma sana kwa kweli.

Sheria ya Maji ya 2016 inasema wazi maji ya matumizi ya nyumbani yanatangulia mengine yote, na mwenye pampu lazima awe na kibali. Basi wanaotoa vibali washuke mtoni wahesabu pampu, magunia yatolewe, na kiangazi pampu zifanye kazi kwa zamu, wa juu siku zao na wa chini siku zao. Njia za mifugo ziachwe kabla watu hawajalima. Na kwenye vyama vya watumiaji maji, watu wa huku mwisho wa mto wawemo, wamama pia, sio wenye mashamba makubwa peke yao. Hayo yote yapangwe saa hii mto ukiwa bado una maji.

Msomaji wako,
Malindi