Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo kuhusu mbwa wa ulinzi na jua la kaskazi

Kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo,
Wizara ya Mifugo na Uvuvi,
Dodoma.

YAH: KIVULI NA MAJI KWA MBWA WA ULINZI WAKATI WA KASKAZI

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa Kinondoni, Dar es Salaam, nimefuga mbwa kwa miaka mingi, na nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe si la nyumba moja. Ushauri mwingi tunaousoma kuhusu mbwa na joto umeandikiwa watu wa Ulaya na Marekani, nao huzungumzia matembezi ya bustanini na mbwa aliyeachwa ndani ya gari. Sisi wa pwani tuna kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na mbwa wetu walio wengi hawatembezwi popote. Wamefungwa uani.

Jambo linalosahaulika ni ratiba yao. Mbwa wa ulinzi hukesha akizunguka ua na kubweka hadi alfajiri, na kukipambazuka hurudishwa bandani na mlango kukomewa, ili apumzike na wageni wa mchana wasing'atwe. Saa zake za kulala, kwa hiyo, ndizo saa za jua kali, na mahali anapolala mara nyingi ni sanduku la mabati lililozibwa pande tatu. Bati lililopigwa na jua tangu saa tatu asubuhi halishikiki kwa mkono ifikapo saa saba. Mwenye mbwa akimwona amejilaza kimya hudhani ni uchovu wa lindo.

Nilipokuwa nimepanga nyumba ya uani miaka kadhaa iliyopita, palikuwa na mbwa wa namna hiyo, dume kubwa lenye manyoya mazito, lililoletwa na kampuni moja ya ulinzi. Akipata nafasi ya kutoka alikwenda moja kwa moja chini ya simtanki, mahali bomba lilipodondosha maji, akafukua mchanga mpaka ule wenye unyevu, kisha akalaza tumbo humo. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kutuonyesha alichohitaji. Siku moja ya Februari, kwenye saa nane, tulisikia bati likigongwagongwa, na tulipofungua tukamkuta amesimama huku miguu ikipepesuka, ulimi umeiva wekundu wa damu, mate yakining'inia mazito kama utomvu. Nilitia mkono katika sufuria yake ya maji: yangefaa kuogea. Tulimvuta kivulini, tukammwagia maji ya bombani na kumpepea kwa kipande cha boksi wakati mwenzetu akimtafuta daktari wa mifugo, lakini alikata roho kabla ya alasiri kwisha. Mlinzi wa zamu, kijana mpole, alisema tu kwamba hakuna aliyewahi kumwambia kuwa mbwa hufa kwa joto.

Nami nadhani alisema kweli. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo, na likipita 41 maisha yake yamo hatarini, kwa kuwa ubongo, figo na matumbo huanza kuharibika. Hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Tezi zake za jasho zenye kazi hiyo ziko nyayoni, na msaada wake ni mdogo. Tegemeo lake ni kutweta, ili maji yanayokauka ulimini na katika njia ya hewa yaondoke na joto. Hapo ndipo pwani inapomponza, maana hewa ya Februari imeshiba mvuke kiasi kwamba hata nguo iliyoanikwa kivulini haikauki upesi, na ulimi wa mbwa ni hivyo hivyo. Ndani ya banda lisilopitisha hewa, mvuke wa pumzi yake humrudia mwenyewe. Mbwa wa pua fupi, wazee na wanene huzidiwa mapema zaidi.

Wengine husema, banda lipo kando ya ukuta, kivuli kipo. Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la mchana hupita juu kabisa ya utosi, na ukuta hauna kivuli cha kumpa mtu wala mbwa. Kinachofaa ni kivuli kinachotoka juu: mwembe, mwarobaini, au makuti yaliyoezekwa juu ya bati kwa kuacha nafasi ya shubiri moja hewa ipite. Na maji: mbwa wa kilo 30 huhitaji kama lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na zaidi wakati wa joto, yakiwa katika chombo kizito kisichopinduka, kilichowekwa mahali jua halifiki.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 tunayo, na siombi sheria nyingine. Ninachoomba ni mwongozo mfupi chini ya sheria hiyo, unaotamka kwa vipimo banda la mbwa pwani liweje: paa la namna gani, pande ngapi ziwe wazi, maji yabadilishwe mara ngapi. Kampuni za ulinzi ziutumie kama sharti la kumiliki mbwa, na mabanda yakaguliwe mchana, saa saba au saa nane, kwa sababu banda linalokaguliwa saa mbili asubuhi huonekana zuri siku zote.

Kwa wafugaji wa kawaida naona njia rahisi zaidi. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, nao ni wakati mwafaka kabisa, wiki chache kabla joto halijapanda. Popote mbwa wanapoletwa kuchanjwa, ofisa mifugo ampe kila mwenye mbwa karatasi moja yenye dalili za kuzidiwa na joto na hatua za kuchukua: kivuli, kummwagia maji mwilini, upepo, kisha daktari, kwa mpangilio huo.

Najua wapo majirani zangu ambao kwao mbwa ni najisi na hawatamgusa. Hao hao, tangu chuoni, wamesimuliwa habari za mtu aliyeteremka kisimani akachota maji kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Sijakutana na hata mmoja aliyekataa kusogeza sufuria kivulini alipoombwa.

Nitashukuru kupata jibu lako kabla ya Desemba.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfugaji wa mbwa,
Kinondoni, Dar es Salaam.