Wimbo wa kampeni uambatane na maelezo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu desturi ya kuwatumia wanamuziki kuyatangaza Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, ambayo Umoja wa Mataifa uliyapitisha Septemba 2015 ili yatimizwe ifikapo 2030.

Mwaka 2014, kabla ya malengo hayo, wasanii wa Afrika, wakiwamo Diamond Platnumz na AY wa hapa kwetu, walishirikiana katika "Cocoa na Chocolate", wimbo wa kampeni ya kuzihimiza serikali ziwekeze zaidi katika kilimo, na Juni mwaka huohuo viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Malabo, Guinea ya Ikweta, walirudia ahadi ya Maputo ya 2003 ya kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti kwa sekta hiyo. Wimbo niliucheza, magoti yakilalamika, lakini habari ya asilimia 10 sikuisikia kwa yeyote niliyecheza naye.

Kosa si la wasanii. Redio zetu zingeweza, baada ya kuupiga wimbo wa namna hiyo, kueleza kwa dakika mbili tu halmashauri ya wilaya imetenga kiasi gani kwa kilimo, ili mkulima ajue la kumuuliza diwani wake.

Msomaji wako,
Morogoro