Barua ya Wazi kwa Walimu wa Farasi wa Mbio Waliopungukiwa

Magomeni, Dar es Salaam

Wanangu walimu wa farasi,

Assalaam aleikum, na kwa wale miongoni mwenu wasiokuwa Waislamu, nawatakia amani na heri.

Mlipokuja Dar es Salaam kutoka Nairobi kumzika saisi mwenzetu, yaani mtunza farasi, mkakaa barazani kwangu hadi usiku mwingi, niliwasikiliza na sikuwajibu. Haikuwa stahiki kuzungumza hesabu za mazizi wakati khitma ya marehemu ilikuwa haijasomwa. Mmoja wenu alisema kwamba hajaonja ushindi tangu masika ya mwaka jana. Mwingine alisema kwamba katika farasi kumi na wanane aliokuwa akiwafunza wamebaki watano, na wawili kati ya hao ni wa mtu ambaye hajalipa kwa miezi minne. Wa tatu hakusema neno. Alikuwa akizungusha kikombe cha kahawa mkononi, na huyo ndiye aliyeninyima usingizi. Najibu kwa barua ya wazi kwa sababu hamkuwapo nyote, na kwa sababu ningependa wenye farasi na masaisi nao wayasome haya.

Walio wadogo kati yenu hawanijui, basi niseme kwa ufupi. Nilivuka Namanga mwaka 1967, zama ambazo kijana wa Tanganyika angeweza kwenda kufanya kazi Nairobi bila ya kujiona mgeni sana. Nilianza kwa kuzoa mavi na kubadilisha matandazo, nikawa saisi, na mwishowe nikawa msaidizi wa mwalimu. Uwanja wa mbio wa Ngong Road, ambao ulianza kutumika mwaka 1954, ulikuwa bado unang'ara machoni petu. Niliondoka mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka ukafungwa, nikarudi pwani ambako watu wanamjua punda kuliko farasi. Kwa hiyo najua kupoteza kazi ya farasi kulivyo, na najua pia kwamba mtu anaweza kuipoteza kazi hiyo akiwa bado yumo ndani ya zizi.

Neno langu kwenu ni moja, na mengine yote nitakayoyasema yanatoka humo: punguzeni farasi kabla hamjapunguza uangalizi.

Mambo yanapoharibika, mwalimu huona aibu kuwa na mabanda matupu. Hupokea farasi yeyote anayeletwa, hata wa mtu anayejulikana kwamba halipi, ili mtu akipita asubuhi aone vichwa vingi vimetokeza milangoni. Fedha ya kuwalisha wote haipo, basi anaanza kukata pale pasipoonekana. Nyasi kavu nzuri zinabadilishwa ghafla kwa zile za bei ndogo zenye ukungu. Nafaka inapunguzwa na pumba inaongezwa kwa siku moja, ilhali mnajua kwamba tumbo la farasi ni dogo, halipendi mageuzi ya ghafla, na kwamba farasi hawezi kutapika kama mbwa. Kosa lililoingia tumboni linageuka msokoto wa tumbo, na msokoto unaweza kumwua kabla daktari wa mifugo hajafika. Fundi wa kwato aliyekuwa akija kila baada ya wiki tano anaambiwa aje baada ya wiki tisa. Chanjo ya tauni ile ya farasi inayosambazwa na visubi inaahirishwa hadi msimu ujao, na masika hayasubiri. Hakuna hata moja kati ya haya ambalo mwenye farasi ataliona Jumapili akiwa jukwaani. Farasi ndiye anayeliona, naye hulisema kwa miguu yake mita mia mbili kabla ya kumaliza.

Nitawaeleza jambo ambalo sikuwahi kuliandika. Mwaka 1974 nilikuwa msaidizi katika zizi ambalo mwalimu wake alikuwa amezama katika madeni. Tulikuwa na farasi jike mwekundu, mpole, mwenye mazoea ya kuegemeza paji lake kifuani mwa mtu. Alfajiri ya siku mbili kabla ya mbio nilipitisha kiganja nyuma ya mguu wake wa mbele wa kushoto, chini ya goti, nikahisi joto dogo kwenye kano, mfano wa joto linalobaki katika kikombe chai ikishamwagwa. Nilimwambia mwalimu. Akaniuliza, “Una hakika?” Nilimtazama usoni nikaelewa anachoniomba. Nikajibu kwamba huenda ni mkono wangu tu umepoa kwa baridi ya Nairobi. Tulimpaka udongo wa baridi, tukamfunga bendeji, na siku ya mbio akakimbia. Kwenye kona ya mwisho kano ilikatika. Walimfunika kwa turubai ili watu wasione, wakampiga risasi kabla jua halijazama, nami nikarudi zizini nimebeba hatamu tupu.

Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya, wala simlaumu peke yake, kwa kuwa kiganja kilikuwa changu. Ninachotaka mkione ni kwamba tulikuwa na farasi ishirini na mbili na masaisi watano. Laiti tungekuwa na farasi wanane, deni lisingetubana kiasi cha kumhitaji yule jike akimbie siku ile. Kano iliyopata moto inataka mapumziko, na ikiwa imechanika inataka miezi mingi, pengine mwaka, na hakuna zizi lenye njaa linaloweza kusubiri mwaka. Wingi wa farasi ndio uliotunyima subira.

Wazee wetu walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Waliopanda juu kuliko ninyi nyote nao walishuka, na inafaa mjue jinsi baadhi yao walivyoshuka. Henry Cecil wa Newmarket, Uingereza, alikuwa bingwa wa walimu wa nchi yake mara 10. Mwaka 1987 peke yake zizi lake lilipata ushindi 180. Mwaka 1995 Sheikh Mohammed wa Dubai, aliyekuwa mmoja wa wateja wake wakubwa kabisa, aliwaondoa farasi wake wote. Cecil alijikaza, na mwaka 1999 akashinda Derby ya Epsom, mbio kubwa ya farasi wa miaka mitatu, kwa farasi aitwaye Oath. Lakini mwaka 2000 pacha wake, David, alifariki kwa saratani, na baada ya hapo zizi lilizidi kusinyaa hadi mwaka 2005, ambapo lilipata ushindi 12 tu. Fikirini kutoka 180 hadi 12. Watu walimshauri astaafu. Hakustaafu. Alibaki na farasi wachache, akaendelea kulima mawaridi yake pale Warren Place, zizini kwake, na kila asubuhi akaenda kuwatazama farasi wake wakifanya mazoezi, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuugua saratani.

Mwaka 2007 jike mmoja, Light Shift, alishinda Oaks, mbio kubwa ya Epsom ya majike wa miaka mitatu, ambayo zizi lile lilikuwa halijaishinda tangu mwaka 2000. Kisha akaja Frankel, mali ya Mwanamfalme Khalid Abdullah wa Saudi Arabia, mmoja wa wachache waliobaki naye wengine walipomkimbia. Frankel alikuwa mkali, mwenye haraka, anayetaka kuanza kwa nguvu zote na kujichosha. Ilimbidi Cecil na watu wake wamfundishe polepole kutulia. Alikimbia mara 14 kati ya mwaka 2010 na 2012, akashinda zote 14. Mwalimu wake alitunukiwa heshima ya kuitwa Sir mwaka 2011, na akafariki Juni 2013. Sisemi kwamba kila atakayepunguza farasi atapata Frankel wake. Farasi wa namna ile haji hata mara moja katika maisha ya walimu wengi. Nasema kwamba farasi wa namna ile angeharibiwa na zizi lenye papara, na kwamba alipofika alimkuta mwalimu ambaye miaka ya uchache haikumfanya aache kutazama.

Kuna mwingine, D. Wayne Lukas wa Marekani, ambaye kabla ya farasi alikuwa kocha wa mpira wa kikapu. Kati ya mwaka 1994 na 1996 alishinda mbio sita mfululizo za yale mataji matatu makubwa ya nchi yake. Baada ya ushindi wa Belmont, moja ya mbio hizo, mwaka 2000, hakupata tena mbio ya namna hiyo hadi mwaka 2013. Matajiri waliokuwa wakimnunulia farasi wa thamani walikuwa wamefariki mmoja baada ya mwingine. Jambo linalonigusa ni lile la mwaka 2024, ambapo akiwa na umri wa miaka 88 alishinda Preakness, nyingine kati ya mbio hizo, kwa farasi aitwaye Seize the Grey, ambaye hakuwa wa tajiri mmoja. Wenye hisa katika farasi yule walikuwa zaidi ya watu 2,000, wengi wao wa kipato cha kawaida, kila mmoja akiwa na kipande chake kidogo. Lukas alifariki mwaka uliofuata.

Hapa ndipo ningependa mnisikilize vizuri, kwa sababu mmezoea kumsubiri bwana mkubwa mmoja. Mnakaa mkitazama barabara, mkitumaini kwamba atatokea mtu mwenye shamba na gari kubwa, awape farasi sita kwa mpigo. Watu hao wanapungua, na walio hai wanazeeka. Watoto wao wana mapenzi mengine. Huku Dar es Salaam mama lishe na mwalimu wa shule wanajua kuchangishana katika upatu na katika vikundi vya kuweka na kukopa, nao hufika mbali. Kwa nini farasi mmoja asimilikiwe na watu kumi na watano, kila mmoja akilipa sehemu yake ya nyasi, ya kwato na ya daktari? Lakini mkifanya hivyo, daftari liwe wazi. Kila shilingi iandikwe, na farasi akipata joto mguuni wote kumi na watano waambiwe siku hiyohiyo, hata kama kesho yake ni mbio waliyoshonea nguo mpya. Mwenye farasi aliyeambiwa ukweli anaweza kukasirika kwa wiki moja. Aliyefichwa hukuhama moja kwa moja na kwenda kuwasimulia wenzake.

Tofautisheni pia upungufu unaotokana na mkono wenu na ule unaotokana na uwanja. Singapore walikuwa na chama cha mbio tangu mwaka 1842. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba inahitaji ardhi ile, na mbio ya mwisho ikakimbiwa tarehe 5 Oktoba 2024. Macau walifunga mwaka huohuo. Walimu wa huko hawakukosea chochote katika kulisha wala kufunza. Basi ikiwa katika eneo lenu siku za mbio zimepungua na zawadi zimekuwa ndogo, msijilaumu kwa usiku kucha kana kwamba mmesahau kazi. Mikono inayomjua farasi ina kazi nyingine: shule za kupanda farasi, farasi wa watalii, hata polisi wetu wana kikosi cha mbwa na farasi. Kwenda huko kwa muda si kufukuzwa katika ukoo.

Kuhusu kamari nitasema machache. Nilisikia mmoja akinong'ona kwamba amekuwa akiweka fedha juu ya farasi wake mwenyewe ili alipe deni la nafaka. Acha, mwanangu. Nawaona vijana hapa mtaani wakichana mikeka yao kila Jumapili jioni, nao angalau hawana mnyama anayewategemea. Mwalimu aliyeweka fedha ya chakula juu ya farasi hawezi tena kumtazama farasi yule kwa haki. Ataona uzima pale penye maradhi, kwa sababu anauhitaji.

Na masaisi walipwe kwanza. Kabla ya petroli ya gari lenu, kabla ya ada ya kuingiza farasi katika mbio, saisi apate chake tarehe aliyoahidiwa. Yeye ndiye anayeamka saa kumi za usiku, na ndiye mwenye kiganja. Saisi mwenye njaa huharakisha; hupapasa miguu mitatu na kuuruka wa nne. Ikiwa mna uwezo wa kumlipa saisi mmoja tu, basi wekeni farasi ambao saisi mmoja anaweza kuwatunza, yaani watatu, wakizidi sana wanne. Wengine warudisheni kwa wenyewe kwa heshima, wakiwa wamenona na kwato zimekatwa, ili siku hali itakapobadilika muweze kubisha hodi kwenye mlango uleule.

Najua inavyouma kumrudisha farasi. Najua pia jinsi majirani wa zizi watakavyosema kwamba fulani amekwisha. Mwacheni aseme anayesema. Yeye halishi farasi wenu.

Ninawaomba jambo moja. Kabla mwezi huu haujaisha, kila mmoja wenu aandike majina ya farasi aliobaki nao, umri wao, na hali ya miguu yao minne, mguu kwa mguu, bila ya kuficha, kisha aniletee karatasi hiyo kupitia kwa dereva yeyote wa basi la Nairobi anayeijua nyumba yangu. Nitaisoma na nitajibu. Macho yangu yamefifia lakini mjukuu wangu ananisomea.

Na wewe uliyekuwa ukizungusha kikombe, usiniandikie. Masika yakiisha nitapanda basi nije mwenyewe. Nifungulie lango alfajiri, kabla farasi hawajatolewa, ili niwapapase miguu wakiwa bado hawajapata joto la kutembea, kisha tukae wawili tuamue ni yupi abaki na ni yupi arudi kwao.

Mzee wenu,
saisi wa zamani