Feri ya Tangier: tazameni viza kabla ya tiketi

Mhariri,

Kurasa za safari husifu Tangier, mji wa bandari wa Moroko, kuwa ni mwendo wa saa moja tu kwa feri kutoka Tarifa, Hispania. Ni kweli. Kisichoandikwa ni kwamba saa hiyo moja inaweza kumfungia mtu mlango wa Ulaya, na wenye pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda wamo katika hatari hiyo. Tunaomba makala zijazo ziliseme hili mwanzoni, kabla ya nauli na picha.

Ukishapita ukaguzi wa kutoka pale Tarifa, umeshaondoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, imekwisha hapo hapo, hata kama tarehe zake bado na begi lako limebaki hotelini Seville. Tazama kwenye stika ya viza, sehemu ya idadi ya kuingia: 01 ni mara moja, MULT ni mara nyingi. Mwenye 01 asipande feri akitarajia kurudi jioni. Moroko nayo ina masharti yake ya viza, na hutofautiana kwa pasipoti. Ulizia ubalozi wake kabla hujalipa chochote.

Baada ya viza ni bandari, maana ziko mbili. Feri za kasi za Tarifa hufika Tanger Ville, chini kabisa ya ukuta wa mji mkongwe. Feri za Algeciras, bandari nyingine ya Hispania, huenda Tanger Med, iliyofunguliwa mwaka 2007, kilomita 40 hivi mashariki mwa mji. Makosa hutokea kwenye tiketi ya kurudi: mtu huona neno "Tanger" na saa inayomfaa, akalipa, kumbe bandari ni ile ya mbali. Teksi ndogo za buluu hubeba abiria 3 na hazitoki nje ya mji, kwa hiyo itabidi basi au teksi kubwa, na bei ya teksi kubwa mpatane kabla ya kuingia.

Upepo wa mashariki, unaoitwa levante, ndio adui wa Tarifa. Mlango-bahari wa Gibraltar una upana wa kilomita 14 tu penye wembamba zaidi, na milima iko pande zote mbili, hivyo upepo hubanwa na kupata nguvu. Feri za kasi husimamishwa mapema, wakati meli kubwa za Algeciras mara nyingi zinaendelea. Ndiyo maana safari ya kwenda na kurudi siku moja haifai kupangwa mkesha wa ndege ya kurudi nyumbani. Kati ya Juni na Septemba kuna pia foleni ndefu za magari ya Wamoroko wanaoishi Ulaya wakirudi kwao.

Ukiona meza ya polisi wa Moroko ndani ya feri, panga foleni kabla ya kutafuta kiti cha dirishani. Asiye na muhuri hurudishwa mlangoni. Dirhamu, fedha ya Moroko, badilisha ukishafika, na usizidishe 2,000 wakati wa kutoka, kwani ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa.

Mji wenyewe unastahili zaidi ya alasiri moja. Msafiri mashuhuri Ibn Battuta alizaliwa hapa mwaka 1304, akaondoka 1325, na mwaka 1331 alikuwa Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Kaburi linalosemekana kuwa lake limo katika vichochoro vya mji mkongwe, na msomaji wa Kiswahili asilipite. Kisha panda hadi Kasbah, ngome ya kale, kwenye lango la Bab el-Bahr. Hewa ikiwa safi, Hispania inaonekana ng'ambo.

Na saa. Tangu 2018 Moroko hutumia UTC+1 (saa moja mbele ya saa ya kimataifa) mwaka mzima, isipokuwa Ramadhani, ambapo saa hurudishwa nyuma kwa saa moja. Majira ya baridi, nje ya Ramadhani, Tangier na Tarifa huwa sawa. Majira ya joto Hispania iko mbele kwa saa moja. Tiketi hufuata saa za bandari ya kuondokea. Tatizo ni simu: ukiwa bado Tarifa inaweza kunasa mtandao wa Moroko na kujibadilishia saa yenyewe. Iwekee saa kwa mkono usiku wa kuamkia safari.

Wasomaji wenu