Mtaalamu aitwe kabla ya ramani kuchorwa

Mhariri,

Waendelezaji wengi wa viwanja humtafuta mtaalamu wa mipango miji baada ya ombi la kibali cha ujenzi kukataliwa, wakati kiwanja kimeshalipiwa na ramani ya jengo imeshachorwa. Aitwe kabla ya kununua. Kwanza asome mpango wa matumizi ya ardhi wa eneo hilo na maombi ya nyuma yaliyokataliwa kwa kiwanja hicho, kisha aonane na maofisa wanaoshughulikia vibali kabla ya ombi rasmi. Kikao hicho kwa kawaida hakiwafungi maofisa, ila hufichua pingamizi mapema.

Ombi hukwama kwa mambo yanayoonekana madogo: mpaka uliochorwa tofauti na ramani ya upimaji, vipimo vya sakafu visivyolingana na vya mchoro wa ubavuni (unaoonyesha jengo likitazamwa kwa upande), maegesho pungufu, maji ya mvua yasiyoonyeshwa yanakoelekea.

Mkataba utaje nani analipa ada za maombi, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, na kama rufaa inatozwa kando. Anayeahidi kibali kwa uhakika (nao wapo!) mwepukeni, uamuzi si wake. Kibali kikitoka, someni masharti yote: mengine hutakiwa kutimizwa kabla msingi haujachimbwa.

Msomaji wenu