Wizara ya Sheria si ngazi ya rufaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie malalamiko yanayopelekwa Wizara ya Katiba na Sheria, ambayo huripotiwa mara kwa mara magazetini. Walalamikaji wengi wanaitaka Wizara itengue hukumu. Haina mamlaka hayo. Ibara ya 107A ya Katiba inaipa Mahakama kauli ya mwisho katika utoaji haki, na barua ya waziri, hata ikipigwa mihuri mitatu, haibadilishi nukta ya hukumu.

Tatizo ni kwamba muda hausubiri. Aliyeshindwa Mahakama ya Mwanzo, tuseme katika shauri la mirathi, ana siku 30 tu za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Akizimaliza kwa kuzungusha bahasha maofisini, siku ya 31 itambidi kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze sababu ya msingi ya kuchelewa. "Nilikuwa nasubiri majibu ya Wizara" si sababu ya kutegemea.

Kazi za Wizara zipo, tena nzito: sera za sheria, RITA inayotoa vyeti vya vizazi na vifo, na msaada wa kisheria chini ya sheria ya mwaka 2017. Hapo pa mwisho ndipo pa kuibana. Nashauri orodha ya watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa ibandikwe katika kila ofisi ya serikali ya mtaa jijini, na zile siku 30 ziandikwe juu yake kwa herufi kubwa. Mwenye malalamiko ya polisi au magereza aelekezwe Mambo ya Ndani.

Mdau wa sheria,
Temeke, Dar es Salaam