Mshindi nimemtaja ukurasa wa kwanza

Karatu

Mwalimu mwenzangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, mvua zimeanza na mahindi yanapendeza. Shemeji yako anakusalimu sana.

Juzi uliniuliza kwenye simu kama ni kweli nimeweka filimbi chini nikashika kalamu, mtandao ukakata kabla sijakujibu. Ni kweli. Baada ya kustaafu nilimkabidhi kijana aliyenipokea saa na vijiti vya kupokezana, na alfajiri ile niliyozoea kutoka na vijana barabarani sasa naamkia mezani. Mswada wa riwaya umekamilika. Unamhusu binti wa Mbulu anayekimbia mita 3000, na dada yake aliyeacha kukimbia.

Watu walinishauri niandike kumbukumbu za ukocha. Nilikataa, na wewe utanielewa haraka kuliko wao. Unajua yanayotufikia kambini: binti anakuja usiku kukwambia nyumbani wameshapokea mahari, kijana anaficha jeraha kwa kuogopa kuachwa kwenye timu. Walituamini. Nikiandika kumbukumbu nitawaanika, hata nikibadilisha majina. Kwenye riwaya naweza kuusema uchungu wao wote bila mtu yeyote kunyooshewa kidole kijijini.

Kilichonisumbua sana ni mshindi. Hadithi nyingi za michezo humficha hadi hatua za mwisho. Mimi nimemtaja ukurasa wa kwanza. Kumbuka tulivyokuwa tukiwasimulia vijana habari za Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch, 1974. Filbert Bayi alishika uongozi mapema, hakumwachia mtu, akamaliza mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Nani yuko mbele kila mtu alimwona. Kilichowapandisha watu roho ni John Walker wa New Zealand aliyekuwa anakuja nyuma yake, akamaliza kwa 3:32.5. Halafu Mzee John Stephen Akhwari kule kwenye Olimpiki ya Mexico City, 1968: Mamo Wolde wa Ethiopia alishamaliza maratoni zaidi ya saa moja kabla, giza limeingia, ndipo Akhwari akaonekana uwanjani anachechemea, mguu umefungwa bandeji. Medali zilishapata wenyewe, na bado waliobaki majukwaani walimpigia makofi. Kwa hiyo msomaji wangu anajua mapema kwamba binti ameshinda. Anachokitafuta kurasa zote ni kwa nini dada mtu hakuja uwanjani siku hiyo.

Mazungumzo ya wasichana hayakunipa shida. Nimekaa miaka mingi siti ya mbele kwenye mabasi ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, na wanamichezo wakidhani kocha kalala ndipo wanapoongea ya moyoni. Sauti zile ninazo mpaka leo, naandika nikizisikia.

Ila sura ya mbio, hiyo nakuomba uisome kwa jicho kali. Nimeiandika kama sisi tunavyoziona mbio tukiwa tumesimama kwenye kona, si kama anavyozitangaza mtu wa redio. Yumo mpinzani anayekimbia ubavuni mwa binti yetu, njia ya pili, kona zote. Kila raundi anaongeza zaidi ya mita saba za bure, na hajui. Raundi ya tano mabega yake yanaanza kupanda kuelekea masikioni, vidole vinakunja ngumi, nyayo zinapiga chini kwa kishindo. Muda wake bado ni mzuri, waliokaa jukwaani wanamshangilia, lakini kocha wake ameshainamisha kichwa. Nimeyaeleza hayo taratibu, kurasa nne nzima, kwa sababu naamini hata msomaji ambaye hajawahi kukanyaga uwanja atayaona.

Nakusudia kuupeleka mswada kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile iliyoanza kutolewa 2023. Fedha zake si haba, lakini ninachokitamani zaidi ni kitabu kichapishwe, mabinti wa sekondari wakisome.

Sasa nisaidie kwenye kasi. Binti nimempa sekunde 80 kila raundi, raundi saba na nusu, yaani dakika 10 kamili, peku, kwenye uwanja wa vumbi. Yuko kidato cha tatu, amezaliwa na kukulia milimani. Inaaminika? Wewe umefundisha wasichana wengi kuliko mimi. Ukiona nimemwongezea chumvi niambie tu, nitairekebisha sura yote.

Bahasha nampa dereva wa basi la kesho asubuhi, ameandikiwa jina lako na namba yako, ukaipokee stendi ya Singida. Tumia kalamu nyekundu. Ukimaliza usiirudishe kwa basi, njoo nayo mwenyewe, ukae nasi walau wikiendi moja.

Wako,
mwalimu mwenzako